Iskandaria: Mnara Ulianguka, Kasida Ikabaki



Mama zangu, dada zangu na wasomaji wote wa ukurasa huu: kila likizo ya shule inapokaribia, swali la nyumbani huwa ni lile lile. Watoto huulizana watapelekwa wapi, baba huhesabu kilichomo mfukoni, na mama, ambaye ndiye atakayeifunga mizigo na kuifungua, hunyamaza akingoja kuambiwa. Wenye nafasi hutaja Dubai kwa ajili ya maduka yake. Wengine hutaja Lamu au Unguja kwa jamaa, na hilo ni jambo jema, kwani kuunga udugu ni ibada. Juma hili napenda kuwatajia mji mwingine, ambao wengi wetu tumeusikia tangu utotoni bila ya kujua kuwa tumeusikia. Nao ni Iskandaria ya Misri, ulio ukingoni mwa Bahari ya Mediterania.

Nasema tumeusikia kwa sababu ya mtu mmoja aliyeishi humo. Imam Sharafuddin Muhammad al-Busiri, mtungaji wa kasida ya Burdai na kasida ya Hamziya, alimalizia umri wake Iskandaria katika miaka ya mwisho ya karne ya 13, na msikiti wenye jina lake uko huko hadi hivi leo. Ni nyumba ngapi za pwani yetu ambazo Burdai husomwa penye ugonjwa, penye harusi na penye msiba? Ama Hamziya, hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili cha kale, ubeti kwa ubeti, na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na ni miongoni mwa tungo kongwe za Kiswahili tulizo nazo katika maandishi. Kwa hivyo mtu wa pwani aendapo Iskandaria haendi ugenini moja kwa moja. Anakwenda kuiona bandari ambayo maneno ya nyumbani kwao yalisafiri kutoka kwake.

Familia yetu ilikaa huko siku sita, watu wazima watatu na watoto wanne. Nitaeleza tuliyoyaona na yale yatakayomfaa mwenye kunuia kwenda. Kisha nitasema neno moja kwa sisi tunaobaki.

Mji wenye bandari mbili

Mwana wa Mombasa hapati taabu kuufahamu mji huu. Sisi tuna kisiwa chenye bandari mbili: upande mmoja Bandari ya Kale ya majahazi, na upande wa pili Kilindini ya meli kubwa. Iskandaria nayo ina mbili. Iskandar wa Makedonia alipouasisi mwaka 331 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), mbele ya pwani hiyo palikuwa na kisiwa kidogo kilichoitwa Pharos. Wajenzi wa zama zile wakatia njia ya mawe baharini, yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, wakakiunganisha kisiwa na bara. Njia hiyo ikayagawa maji, ikawa bandari ya mashariki na bandari ya magharibi. Karne baada ya karne mchanga na matope vikajikusanya kandokando yake mpaka ikawa ardhi pana, na leo mitaa, masoko na misikiti imesimama pale ambapo zamani samaki walipita. Ni kama ile njia yetu ya Makupa igeuke kuwa mtaa wa watu.

Bandari ya mashariki imepinda mfano wa mwezi mwandamo, na humo hutia nanga mashua za wavuvi zilizopakwa rangi za kila namna. Meli za shehena huingia upande wa magharibi. Ukingoni mwa bahari imepita barabara ndefu iitwayo Kornishi, na jioni mji mzima huhamia hapo. Utaona mabibi wamekaa kwenye ukuta wa mawe, watoto wakila mahindi ya kuchoma, vijana wakivua kwa mshipi. Shauri langu la kwanza ni kwamba jioni ya kufika msiende popote. Tembeeni Kornishi tu, bila haraka. Hiyo ni starehe isiyolipiwa, na ndiyo itakayowapa watoto picha ya mji mzima kabla ya kuingia katika sehemu zake.

Jambo moja liliwashangaza watoto wetu. Sisi kibla chetu ki kaskazini, na bahari yetu iko mashariki. Kule bahari ndiyo iliyo kaskazini, na kibla kimeelekea kusini-mashariki. Mtu asimamapo kusali huipa bahari kisogo. Mtoto wa miaka tisa aliposikia kwamba nyumba ni ile ile moja, na kwamba ni sisi tuliohama tukaikabili kwa upande mwingine, alilifahamu neno "kibla" kuliko alivyolifahamu darasani.

Mnara

Juu ya kisiwa cha Pharos, yapata mwaka 280 kabla ya Nabii Isa, wafalme wa zama hizo walijenga mnara wa kuwaongozea mabaharia. Urefu wake ulipita mita mia moja. Sehemu ya chini ilikuwa ya mraba, ya kati yenye pembe nane, ya juu ya mviringo, na kileleni uliwaka moto. Watu wa kale waliuhesabu kuwa mmoja wa maajabu saba ya dunia. Neno letu "mnara" nalo limetoka katika Kiarabu "manara", maana yake mahali pa mwanga, na Waarabu waliuita mnara huo wa Iskandaria kwa neno hilo hilo.

Msafiri Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, alifika Iskandaria mwaka 1326 akiwa kijana njiani kwenda Hija. Aliuona mnara huo upande wake mmoja umebomoka, lakini aliweza kuingia ndani. Aliporudi mwaka 1349 alikuta umeharibika hata mlangoni hapafikiki. Mitetemeko ya ardhi, na mkubwa wao ule wa mwaka 1303, ndiyo iliyoumaliza. Jengo lililosimama zaidi ya miaka elfu na mia tano, mtu mmoja aliwahi kuliona likielekea kutoweka katika muda wa ujana wake hadi utu uzima.

Baina ya ziara hizo mbili, mwaka 1331, Ibn Battuta huyo huyo alipita kwetu. Alilala Mombasa usiku mmoja akielekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Kwamba mlangoni mwa msikiti huwa na kisima, na anayeingia huosha miguu kwanza. Na kwamba chakula chao ni ndizi na samaki. Alitaja pia tunda tamu lenye umbo la zeituni. Jina alilolipa ni lile ambalo Wahindi huliitia tunda tunaloliita sisi zambarau. Watoto waliosomewa habari hii wakiwa wamesimama pale pale aliposimama yeye mwaka 1326 waliona kwamba pwani yao imo katika vitabu vya dunia, nayo imetajwa kwa heshima.

Mahali pa mnara pamesimama ngome. Sultani Qaitbay, mmoja wa masultani wa Kimamluki, aliijenga kati ya mwaka 1477 na 1479 ili kuukinga mji, na baadhi ya mawe ya mnara yalitumika humo. Katikati ya miaka ya 1990 wapigambizi waliokuwa wakichunguza chini ya maji karibu na ngome walikuta maelfu ya vipande vya mawe yaliyochongwa, vilivyolala hapo kwa karne nyingi. Mwaka 1882 manowari za Uingereza ziliipiga ngome hiyo kwa mizinga, na baada ya hapo Misri ikatawaliwa.

Anayetoka Mombasa hawezi kuiona ngome ya Qaitbay asiikumbuke Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Zote mbili ni za mawe, zote zimekaa mlangoni mwa bandari. Lakini waulizeni watoto: hii ilijengwa na nani, na kumkinga nani dhidi ya nani? Na ile ya kwetu je? Swali hilo ni somo la historia la mwaka mzima.

Maktaba, na uvumi wa kujibiwa

Iskandaria ilikuwa na maktaba kubwa ya kale iliyovuta wanazuoni kutoka kila upande. Haikubaki. Watoto wetu wakubwa watasikia, shuleni au kwenye simu zao, kwamba aliyeichoma ni Amr bin al-As (r.a.) kwa amri ya Sayyidna Umar (r.a.), na kwamba vitabu vilifanywa kuni za kutia moto mahamamu kwa miezi sita. Inafaa wazazi wajue la kujibu. Waislamu waliufungua mji huo katika miaka ya 641 na 642. Kisa cha kuchomwa vitabu hakionekani katika maandishi yoyote mpaka karibu miaka mia sita baadaye, katika karne ya 13, na wanahistoria wa leo kwa jumla hawakikubali. Kabla ya Uislamu kudhihiri, maktaba ilikwisha kupata hasara nyingi. Vita vya Julius Caesar katika mwaka 48 kabla ya Nabii Isa vilileta moto, na hekalu la Serapeum, lililokuwa na vitabu pia, lilibomolewa mwaka 391. Kazi iliyobaki ilimalizwa na uzembe na umaskini wa muda mrefu. Vitabu vingi hupotea kwa njia hiyo: haviungui, bali huachwa.

Maktaba mpya ilifunguliwa rasmi mwezi wa Oktoba 2002, ikiitazama bandari ya mashariki. Paa lake ni duara kubwa lililoinama kuelekea baharini, mfano wa jua linalochomoza. Ukuta wa nje ni wa mawe ya Aswan, umechongwa herufi za maandishi ya mataifa mengi. Ndani mna ukumbi wa kusomea ulioshuka ngazi kwa ngazi, wenye nafasi ya wasomaji elfu mbili, na pana sehemu maalumu ya watoto. Tengeni nusu siku. Sisi tuliokuwa na haraka ya kwenda sokoni tulizuiliwa na binti mmoja wa familia aliyekataa kuondoka, na hapana aliyemlaumu.

Si mbali sana na hapo, katika mtaa wa Kom el-Dikka, mna mabaki ya zama za Warumi. Watu wengi hupiga picha kwenye uwanja wa ngazi za mawe meupe, kisha huondoka. Msiondoke upesi. Jirani yake yamefukuliwa madarasa ya karne ya tano hadi ya saba. Yana viti vya mawe vilivyopangwa kwa umbo la kwato ya farasi, na mbele kiti kimoja kilichoinuka cha mwalimu. Aliyesoma chuoni kwa kuzunguka miguuni mwa maalimu atayatambua mara moja.

Mwanamke aliyemjibu mkuu

Kwa ajili ya mabinti zetu, mtajeni mwanamke mmoja wa mji huu. Katika karne ya 12 Iskandaria ilikuwa na mwanachuoni mkubwa wa hadithi, Hafidh Abu Tahir al-Silafi, aliyekaa humo zaidi ya miaka sitini akisomesha mpaka alipofariki mwaka 1180. Miongoni mwa waliohudhuria kwake alikuwa mshairi aitwaye Taqiyya bint Ghayth, mwenye asili ya Sham. Ibn Khallikan, katika kitabu chake cha tarehe za watu mashuhuri, ameandika kisa chake.

Taqiyya alimtungia mashairi Taqiyyuddin Umar, mtoto wa ndugu yake Salahuddin al-Ayyubi, na humo akakisifu kikao cha anasa na vyombo vyake vyote. Mkuu yule aliposomewa alisema kwa mzaha kwamba bila shaka bibi huyu aliyajua mambo hayo katika ujana wake. Habari zilipomfikia Taqiyya, alitunga mashairi mengine akaisifu vita na silaha zake kwa ustadi ule ule, akampelekea pamoja na ujumbe kwamba ujuzi wake wa lile la kwanza ni kama ujuzi wake wa hili la pili. Alimjibu bila ya tusi wala kelele, akailinda heshima yake kwa kalamu. Binti wa miaka kumi na tano, katika zama hizi za maneno ya mitandaoni, anakihitaji kisa hiki kuliko mawaidha mengi.

Kwa Imam al-Busiri

Sasa twende penyewe. Katika mtaa wa Anfushi kuna uwanja mpana wenye misikiti iliyokaribiana. Mkubwa ni wa Sheikh Abul-Abbas al-Mursi, aliyezaliwa Murcia, Andalusia, mwaka 1219. Alisafiri na wazazi wake kwa bahari, chombo kikavunjika pwani ya Maghribi, wazazi wakafa maji, yeye na ndugu yake wakaokoka. Kule Tunis akakutana na Sheikh Abul-Hassan al-Shadhili, akamfuata hadi Iskandaria, akawa khalifa wake. Kijana aliyenyang'anywa na bahari kila kitu ndiye aliyekuja kuwa kimbilio la watu wa bandari. Msikiti wake wa sasa ulisanifiwa na Mario Rossi, Mtaliano aliyekuja kusilimu.

Ng'ambo ya uwanja huo ndipo ulipo msikiti wa mwanafunzi wake, al-Busiri. Ni mdogo zaidi na umetulia. Al-Busiri hakuwa tajiri wala mwana wa mfalme. Alikuwa karani wa serikali na mnakili wa vitabu. Yasimuliwa kuwa alipatwa na kupooza nusu ya mwili, akatunga kasida ya kumsifu Mtume (s.a.w.) akiiombea shifaa, akalala, akamwota Mtume (s.a.w.) akimfunika joho lake, akaamka mzima. Ndipo kasida ikaitwa Burda, yaani joho. Beti zake zimeandikwa kwa hati nzuri ndani ya msikiti.

Wanawake wana mahali pao. Ingieni kwa stara, salini rakaa mbili za kuamkia msikiti, msalimieni aliyelala hapo na kumwombea rehema, na haja zenu mzielekeze kwa Mwenyezi Mungu. Najua wasomaji wangu hawana rai moja katika mambo ya ziara, na ukurasa huu si mahali pa kushindana. Mwenye kutaka kuingia kwa ajili ya sala peke yake aingie kwa nia hiyo, na bado atakuwa na mengi ya kuyatazama.

Mkubwa wetu katika safari ile alikuwa shangazi yangu, mwenye umri uliopita miaka sabini. Alikaa akiutazama ukuta. Hasomi hati ile kwa wepesi, lakini alipoifahamu sehemu moja alianza kuiendeleza kwa ghibu, kwa sauti ya chini na kwa lahani ya kwetu, ile tuliyoizoea alipokuwa akituuguza utotoni. Bibi mmoja wa Kimisri aliyekuwa karibu akageuka, akamsikiliza, kisha naye akaitikia kwa lahani ya kwao. Lahani hazikufanana, lakini maneno yalikuwa yale yale. Hawakuwa na lugha ya kuzungumzia, wala hawakuihitaji.

Hapo ndipo nilipolipata lile neno nililoahidi kulisema. Mnara wa mita mia, uliojengwa kwa mali ya wafalme, sasa ni mawe chini ya maji. Maktaba iliyokusanya elimu ya dunia haina hata ukuta mmoja wa kuonyeshwa. Lakini maneno ya karani aliyeugua yalitoka katika bandari hiyo hiyo, yakafika Pate, yakatiwa katika Kiswahili, na yako hai kifuani mwa mwanamke mzee ambaye hakuwahi kupanda ndege mpaka mwaka huo. Yalifika kwake kwa sababu kila kizazi kulikuwa na mtu aliyeketi akamsomesha mwingine, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mama au bibi.

Kisha jiulizeni: baada ya shangazi, nani? Katika watoto wale wanne hapana hata mmoja aliyeweza kumwitikia. Walijua nyimbo nyingi za simu. Burdai waliijua kwa mwanzo wake tu, na Hamziya ya Kiswahili, yenye maneno ya Kiswahili cha kale, hawakuwa wamewahi kuisikia. Hapakuwa na moto wala mtetemeko wa ardhi. Ni uachaji tu, mwaka baada ya mwaka, ule ule nilioutaja katika habari ya vitabu.

Mashauri kwa mwenye kunuia

Mali kwanza. Safari hii ni ya hiari. Ikiwa Hija imekwisha kukuwajibikia, Hija ni deni lako la mbele. Wala familia isikope kwa ajili ya matembezi. Waliokwenda bila ya dhiki ni wale waliojiwekea kidogo kidogo, wengine kwa chama cha jamaa, mwaka mmoja au miwili kabla. Habari za viza ziulizwe ubalozini mapema.

Njia iliyozoeleka ni ndege hadi Kairo, kisha treni. Masafa hayo ni yapata kilomita 220, nayo huchukua muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Treni ni bora kuliko gari kwa wenye watoto, na mashamba ya bonde la Nili yanayoonekana dirishani ni sehemu ya safari.

Kuhusu majira, Agosti mji hujaa Wamisri wanaokimbia joto la Kairo, na nyumba za kukodi hupanda bei. Aprili ni mwezi mzuri, ingawa mara nyingine huvuma khamsini, upepo wa moto wenye vumbi. Desemba kuna baridi na mvua. Wavuvi wa huko wana kalenda ya dhoruba zao kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi, na kila dhoruba ina jina lake. Ya katikati ya Novemba huitwa Ufagio, kwa kuwa huufagia mji. Chukueni makoti.

Lugha haitawashinda. Samaki ni samak, sukari ni sukkar, sabuni ni sabun. Waambieni tu watoto wa madrasa kwamba Mmisri hutamka jimu kama "g", wasije wakadhani "masgid" ni kitu kingine.

Kuhusu sala, kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkaazi na husali kamili tangu anapofika. Mwenye kukaa chini ya hapo ana ruhusa ya kupunguza. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka.

Pwani ya mji ni wazi, na wanawake wengi wa Kimisri huingia majini wakiwa wamejistiri mwili mzima. Mwenye kujistiri hataonekana kiroja.

Mwisho, jikoni, na hili nalisema kwa mkazo. Mkikodi nyumba, afikianeni kabla ya kupanda ndege kwamba mama hapiki isipokuwa chai. Asubuhi ununueni mkate na fuli. Mchana, Anfushi huchagua samaki kwenye barafu, akachomwa mbele yenu. Ulizeni bei ya kilo kabla hajafika motoni. Onjeni sayadiya, wali wa samaki uliopata rangi ya hudhurungi kwa vitunguu vilivyokaangwa sana, na mtaukumbuka msingi wa pilau letu. Onjeni mulukhiya, ambayo si nyingine ila ni mlenda, kwa kamba wa baharini. Ini la Iskandaria hukatwa vipande vyembamba likakaangwa kwa vitunguu saumu na pilipili. Likizo ambayo mama ameosha sufuria asubuhi na jioni ni kuhamisha jiko tu, wala si mapumziko.

Kwa tunaobaki

Wengi wetu hatutakwenda, na hapana ubaya. Bandari ile tunayo nyumbani kwa namna nyingine. Juma hili, mwenye bibi, shangazi au mama mkubwa anayejua Burdai, Hamziya au utendi wowote kwa ghibu, aende akaketi naye. Simu tulizo nazo mikononi zina kinasa sauti. Mwombeni asome, mnaseni, kisha mwulizeni maana ya kila neno msilolijua na aliyemsomesha ni nani, myaandike. Nyumba yenye makaratasi ya kale ndani ya kasha iyatoe kwenye unyevu, iyapige picha kila ukurasa, na isimwuzie mpita njia. Kisha mchague mtoto mmoja katika nyumba na mumpe beti kumi. Akizihifadhi, mumpe kumi nyingine.

Sisi tulirudi na vizuri vidogo vidogo vya sokoni, vingi vimekwisha kuvunjika. Binti yule aliyekataa kutoka maktabani huenda kwa shangazi kila Alhamisi baada ya Laasiri. Mpaka naandika haya amefika ubeti wa thelathini, na shangazi humrudisha nyuma kila anapoharakisha.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotufikishia, awape afya wale walio hai baina yetu, na asitufanye sisi kuwa kizazi kilichoacha. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.